Upana wa Gari Moja

Mpwa wangu ana miaka kumi na minane, na sheria za kupita gari mbioni anazijua kama anavyoijua njia ya kwao. Usiku mmoja wa Oktoba 2024 tulikuwa sebuleni kwangu tukitazama mbio za Formula One za Austin, kule Texas. Mizunguko ilikuwa inakaribia kwisha. Lando Norris, aliyekuwa akimwandama Max Verstappen kwa muda mrefu, alichomoka nyuma yake kwenye barabara iliyonyooka, akamtangulia kidogo kwa upande wa nje, wote wawili wakaikabili kona ya 12. Verstappen akachelewa kukanyaga breki. Akaingia ndani ya kona kwa kasi ambayo gari halikuweza kuihimili, likateleza naye mpaka nje ya mstari mweupe, na Norris aliyekuwa ubavuni mwake hakuwa na pa kwenda isipokuwa nje zaidi. Akarudi barabarani akiwa mbele. Wasimamizi wa mbio wakamwongezea Norris sekunde 5, na nafasi ya tatu ikabaki kwa Verstappen.

Nililalamika. Nilisema huyu wa ndani naye alitoka nje ya barabara, sasa alikuwa analinda barabara gani? Mpwa wangu akanijibu kwa upole: "Mjomba, alifika kwenye kitovu cha kona akiwa mbele. Kona ni yake."

Kauli ile ilinikaa rohoni kwa siku nyingi. Kijana hakukosea. Mwongozo wa wasimamizi ulikuwa unasema karibu hivyo hivyo, na wapo watu wazima ambao kazi yao ni kusimamisha picha na kupima ekseli ya mbele ya gari lipi ilifika wapi. Lakini nilipoanza kuupenda mchezo huu, tulikuwa tunauliza swali jingine. Tulikuwa tunauliza kama yule aliyeko ubavuni aliachiwa upana wa gari moja. Upana huo uliingia katika maandishi ya sheria mwaka 2012. Kabla ya hapo ulikuwa desturi, na desturi ina namna yake ya kumwaibisha mtu ambayo sekunde 5 haziwezi.

Lugha yetu inalijua jambo hili kuliko vitabu vya sheria. Tunasema kupita, na kutoka hapo tunapata kupisha, yaani kumfanya mwenzako apite. Na magari mawili yanapokutana mahali pembamba, hatusemi kwamba moja limelishinda jingine. Tunasema yamepishana. Kila moja limelipisha lenzake. Katika neno hilo moja kuna watu wawili, na wote wawili wanafanya kazi.

Hili nilijifunza kabla sijamjua dereva yeyote wa mbio. Baba yangu mdogo aliendesha lori kati ya Dar es Salaam na Mbeya, na likizo moja ya shule alinichukua nikae pembeni yake. Tulipofika Kitonga, mlima ule uliojipinda kama kamba iliyotupwa chini, lori letu lilipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nyuma yetu basi la abiria lilikuwa likitamani kupita. Baba mdogo hakuwa na sababu ya kulijali basi lile. Lakini nilimwona akichungulia mbele, kisha anawasha indiketa ya kulia na kuiacha ikipepesa. Basi likatulia. Punde lori jingine likashuka kutoka juu likitupita kwa kishindo. Baba mdogo akazima indiketa ya kulia, akatazama tena, akawasha ya kushoto. Basi likatoka nyuma yetu, likapanda, likatupita, na dereva wake akapiga honi mara mbili fupi kushukuru. Yeyote aliyesafiri njia kuu za kwetu anaijua lugha hiyo: kulia, subiri, kushoto, pita.

Nilimuuliza kwa nini anahangaika na mtu asiyemjua. Akasema, "Yeye haoni kilicho mbele. Mimi ninaona." Hakuongeza neno. Nimezitazama mbio za magari zaidi ya miaka ishirini na mitano nikiwa na sentensi hizo mbili kichwani, na kila ninapomsifu dereva, ninamsifu kwa kipimo cha Kitonga.

Ustadi wa kupita, katika Formula One, uko katika mambo ambayo mtazamaji wa haraka hayaoni. Anayepita huanza kazi kona mbili au tatu kabla. Anakubali kupoteza kidogo hapa ili atoke vizuri pale. Anajionyesha kwenye kioo cha mwenzake upande wa kushoto ili afikiriwe upande huo, kisha anatokea kulia. Anayelinda naye ana haki yake: anaweza kubadili njia mara moja, akachagua upande wa ndani, akamlazimisha mwenzake azunguke nje. Baada ya hapo anatakiwa atulie. Akisogea mara ya pili, au akisogea wakati breki zimeshakanyagwa, anamwekea mwenzake ukuta mahali palipokuwa na barabara. Kwa mwendo wa kilomita 300 kwa saa hakuna muda wa kufikiri upya, kuna imani tu kwamba yule wa mbele atafanya alichoashiria.

Sasa niruhusu, msomaji, nikupeleke Ubelgiji, Jumapili ya tarehe 27 Agosti 2000. Sijachoka kuisimulia siku hiyo na sitachoka.

Njia ya Spa ina urefu wa karibu kilomita 7, imepita katika misitu ya Ardennes, na mvua huko hunyesha upande mmoja huku upande mwingine ukiwa mkavu. Siku ile barabara ilianza ikiwa imeloa. Mika Häkkinen wa McLaren, bingwa wa 1998 na 1999, aliongoza mpaka mzunguko wa 13, akateleza na kuzunguka, na Michael Schumacher wa Ferrari akachukua uongozi. Barabara ilipokauka Häkkinen alianza kurudi, sekunde baada ya sekunde, mpaka mizunguko ikabaki michache naye yuko nyuma kabisa ya gari jekundu. Katika mzunguko wa 40 walitoka kona ya Eau Rouge, wakapanda kilima, wakaingia kwenye barabara ndefu ya Kemmel. Häkkinen alikuwa na kasi zaidi. Akatoka kwenda upande wa ndani. Na Schumacher akamfuata huko huko, akaifunga njia wakati mwenzake ameshafika. Bawa la mbele la McLaren likaligusa tairi la nyuma la Ferrari. Wakati huo walikuwa wanazidi kilomita 300 kwa saa. Häkkinen akainua mguu kwenye mafuta. Asingeinua, leo tungekuwa tunaikumbuka siku ile kwa maombolezo.

Mwingine angefanya nini baada ya hapo? Wapo ambao mzunguko uliofuata wangeingia kwa hasira, na hasira ina haki yake. Häkkinen alifanya jambo ambalo mpaka leo linanisisimua. Alifikiri. Walipotoka tena Eau Rouge, mzunguko wa 41, mbele yao kulikuwa na gari la tatu, BAR la Ricardo Zonta, lililokuwa nyuma yao kwa mzunguko mzima na sasa lilipaswa kupitwa. Zonta alishika katikati ya barabara na kunyoosha. Schumacher akachagua kushoto. Häkkinen, aliyekuwa amejificha nyuma ya Ferrari, akachagua kulia. Magari matatu yakawa sambamba kwa kufumba na kufumbua, Zonta katikati asisogee hata shubiri, na yalipoachana Häkkinen alikuwa upande wa ndani wa kona ya Les Combes, akiwa mbele. Hakumgusa yeyote. Hakumnyima yeyote barabara. Mtu aliyekuwa amefungiwa mlango dakika mbili kabla alitafuta mlango mwingine.

Niliitazama kwenye televisheni ndogo nyumbani kwa jirani, na watu waliokuwa chumbani walisimama wote. Hata hivyo, si kupita kwenyewe ninakokukumbuka zaidi. Ninayakumbuka yaliyofuata baada ya bendera. Häkkinen alishuka, akavua kofia yake, akamwendea Schumacher aliyekuwa bado pembeni ya magari. Akaanza kuzungumza naye kwa sauti ambayo hatukuisikia. Mikono yake ndiyo iliyosema. Aliinyoosha hewani kama magari mawili, akiusogeza mkono huu kuelekea ule, akionyesha palipobaki na pale ambapo hapakubaki kitu. Uso wake haukuwa na ghadhabu. Schumacher alimsikiliza.

Nimewaona mafundi seremala wakizungumza hivyo juu ya mlango uliopasuka. Yule aliyekuta kosa hatukani, anapitisha kidole kwenye ufa na kumwonyesha mwenziwe ulipoanzia. Häkkinen angeweza kwenda moja kwa moja kwa waandishi wa habari akamwaga yote; alikuwa mshindi, na dunia nzima ilikuwa imeona. Alichagua kumalizana na mtu mwenyewe, ana kwa ana, kama watu wa kazi moja. Ninaamini kwamba dakika ile ya mikono ni sehemu ya ufundi kama ilivyo Kemmel yenyewe. Kupita hakujaisha mpaka aliyepita na aliyepitwa waweze kutazamana.

Walionitangulia kuupenda mchezo huu huniambia kwamba Spa ni kubwa lakini Dijon ni kubwa zaidi, na baada ya kuiona picha ya Dijon mara nyingi siwezi kuwapinga. Ilikuwa tarehe 1 Julai 1979, mbio za Ufaransa. Jean-Pierre Jabouille alishinda akiwa na Renault, ushindi wa kwanza wa injini ya turbo, na Wafaransa wana haki ya kuukumbuka. Lakini hakuna anayemtazama Jabouille. Nyuma yake Gilles Villeneuve wa Kanada, ndani ya Ferrari ambayo tairi zake zilikuwa zimechoka, na René Arnoux wa Renault ya pili, walipigania nafasi ya pili katika mizunguko ya mwisho kwa namna ambayo haijarudiwa. Arnoux alimpita. Villeneuve akamrudia kwa ndani huku tairi zimefunga na moshi unapanda. Wakagusana gurudumu kwa gurudumu, wakatupana pembeni, wakarudi, wakapitana tena na tena katika mzunguko mmoja. Walivuka mstari Villeneuve akiwa mbele kwa chini ya robo ya sekunde.

Wapo wanaosema ule ulikuwa ugomvi na ungeweza kuua. Hata baadhi ya madereva wenzao waliwalaumu baadaye. Mimi ninaomba mtu aitazame picha ile polepole, na amtazame yule asiyepita. Kila gari moja linapochomoza pua ubavuni, jingine linaacha nafasi. Ni ndogo mno, wakati mwingine haitoshi na magurudumu yanasuguana, lakini ipo, na inaachwa kwa makusudi. Hakuna aliyemfungia mwenzake kwenye nyasi na kumwacha huko. Waliposhuka walikuwa wanacheka, na walibaki marafiki.

Baada ya hapo inanibidi nitaje yale ambayo nisingependa kuyataja, na nitayapita upesi. Suzuka, Japani, 1989: Ayrton Senna alichomeka pua ndani, Alain Prost akakunja juu yake, wakasimama wameshikamana, na ubingwa ukaenda kwa Prost. Suzuka tena, 1990: kona ya kwanza kabisa, Senna hakukanyaga breki kama inavyopasa, akamzoa Prost mpaka kwenye kokoto, na ubingwa ukawa wake. Mwaka uliofuata alikiri mwenyewe kwamba alikuwa ameamua kutompisha Prost pale, liwe liwalo. Inauma kwa sababu mtu yule yule, Donington mwaka 1993, mvuani, alishuka mpaka nafasi ya tano mara baada ya kuanza na bado akamaliza mzunguko wa kwanza akiongoza, akiwapita Schumacher, Wendlinger, Hill na Prost mmoja baada ya mwingine bila kumgusa hata mmoja wao. Aliujua ufundi kuliko wengi waliowahi kushika usukani. Suzuka hakushindwa kuutumia, aliuweka kando.

Adelaide, 1994, Schumacher aligonga ukuta, gari lake likawa limeumia, na Damon Hill alipojaribu kumpita wakagongana. Ubingwa ukaenda kwa Schumacher kwa tofauti ya pointi 1. Waamuzi hawakumwadhibu mtu. Kisha Jerez, Hispania, 1997. Safari hii aliyekuwa anampita alikuwa Jacques Villeneuve, mtoto wa yule Gilles wa Dijon. Jacques alitokea mbali, akaingia ndani akiwa mzima mzima ubavuni, na Schumacher, baada ya kusita, akaugeuza usukani akampiga ubavu. Safari hii aliyenasa kwenye kokoto ni yeye. Jacques aliendelea na gari lililoumia, akawa bingwa, na mwishoni akawapisha wawili waliokuwa nyuma yake kwa kuwa nafasi ya tatu ilimtosha. Mmoja wa hao waliopishwa alikuwa Mika Häkkinen, na huo ndio ukawa ushindi wake wa kwanza katika Formula One. Schumacher alifutwa kwenye msimamo wa ubingwa wa mwaka ule. Miaka mitatu baadaye ndiyo wakakutana Kemmel.

Simwandiki Schumacher kama mtu mbaya. Alikuwa fundi mkubwa, na mvuani sijaona wengi wa kumfikia. Lakini mwaka 2010, Hungaria, akiwa amerudi kutoka kustaafu, alimbana Rubens Barrichello kwenye ukuta wa karakana za timu mpaka kati ya gari na zege pakabaki nafasi ya kupitisha kiganja. Walikuwa wanagombea nafasi ya 10, yaani pointi 1. Barrichello hakuinua mguu, akapita. Kesho yake Schumacher aliomba radhi, na katika mbio zilizofuata akarudishwa nyuma nafasi 10. Ninalitaja hili kwa sababu ya lile neno radhi. Lilikuwa bado linatoka. Mtu alijua kwamba alichukua kitu kisichokuwa chake, na kitu hicho kilikuwa ule upana wa gari moja.

Siku hizi sisikii neno hilo. Ninasikia redioni dereva akimwambia fundi wake, kabla hata hajatoka kwenye kona, kwamba yule mwingine amemtoa nje ya barabara, aadhibiwe. Au ninamsikia akisema kwamba yeye alikuwa mbele kwenye kitovu. Wamekuwa mawakili wa kesi zao wenyewe huku wanaendesha. Mwaka 2021, katika mapambano ya Verstappen na Lewis Hamilton, tuliliona gari moja likimpandia mwenzake kichwani pale Monza, na kilichomwokoa Hamilton kilikuwa kile chuma kinachozunguka juu ya kiti cha dereva. Mjadala wa wiki nzima ukawa juu ya nani alikuwa mbele kwa kiasi gani. Ni wachache waliouliza kwa nini hakuna hata mmoja aliyekubali kupisha.

Na upande mwingine tuliurahisisha ufundi mpaka ukapoteza ladha. Kuanzia 2011 dereva aliyekuwa nyuma kwa chini ya sekunde 1 aliruhusiwa kulifungua bawa lake la nyuma kwenye barabara iliyonyooka ili aongeze kasi, na yule wa mbele hakuruhusiwa. Nia ilikuwa njema, kwani magari yalikuwa hayapitani kabisa kwa sababu ya hewa chafu inayotoka nyuma ya gari la mbele. Lakini magari mengi yalianza kupitana katikati ya barabara, mbali na kona yoyote, jinsi basi linavyolipita trekta. Anayepitwa hakuwa na la kufanya. Nusu yake ya kazi ilichukuliwa. Sheria za 2026 zimeiondoa kanuni hiyo ya bawa na kuweka nguvu ya ziada ya umeme kwa anayefuata kwa karibu, na sina hakika kama nifurahi.

Haki inanitaka niseme kwamba ufundi haujafa. Machi 2022, Bahrain, Charles Leclerc na Verstappen walipokezana uongozi kwa mizunguko mitatu mfululizo. Verstappen aliingia ndani kona ya kwanza, Leclerc akamwachia, akakunja vizuri, akamrudia kona ya nne. Mara ya pili hivyo hivyo. Kila mmoja alimwachia mwenzake barabara. Nilimwita mpwa wangu aje aone, wakati huo alikuwa bado mdogo, na alipiga makofi. Kwa hiyo anajua. Ni huyo Verstappen mmoja, wa Bahrain na wa Austin, na hili ndilo linalonisumbua: mkono unaoweza kuacha nafasi umefundishwa kwamba si lazima uiache. Wiki moja tu baada ya Austin, Mexico, alimtoa Norris nje mara mbili na akaadhibiwa sekunde 10 mara mbili. Hesabu ikafungwa. Adhabu imekuwa bei, na bei hulipwa na mwenye nacho.

Ninarudi kwa Gilles Villeneuve, kwa sababu kila ninapofikiri juu ya kupita na kupisha ninaishia kwake.

Tarehe 25 Aprili 1982, Imola, Italia, magari mawili ya Ferrari yaliongoza, lake na la mwenzake Didier Pironi. Timu iliwaonyesha kibao cha kuwataka wapunguze mwendo. Villeneuve alielewa kwamba nafasi zimekwisha kupangwa na wanarudi nyumbani kwa amani. Mzunguko wa mwisho Pironi akampita na kushinda. Kwa kipimo cha kalamu, kupita kule hakukuwa na kosa: hakumgusa, hakumbana, hakumtoa nje. Lakini Villeneuve aliacha mlango wazi kwa kuwa aliamini hauingiwi. Hakusema naye tena.

Siku 13 baadaye, Zolder, Ubelgiji, wakiwa wanatafuta nafasi za kuanzia, Pironi alikuwa na muda bora kuliko wake. Villeneuve alitoka kwenda kuutafuta wake. Mbele yake alitokea Jochen Mass wa timu ya March, aliyekuwa anaendesha polepole. Mass alimwona kwenye kioo na akafanya kile ambacho dereva muungwana hufanya: alisogea kulia ampishe. Villeneuve, wakati ule ule, naye alichagua kulia. Sote tumewahi kukutana na mtu mlangoni, tukampisha upande huu naye akatupisha upande huu huu. Wao walikuwa katika mwendo ambao hauruhusu kujaribu tena. Gari la Villeneuve liliruka juu ya tairi la Mass na kuvunjika vunjika. Alikufa usiku huo. Alikuwa na miaka 32.

Mtu wa Dijon, aliyeachiana nafasi na Arnoux mpaka magurudumu yakasuguana, alikufa akiwa anapishwa. Nimeandika na kufuta mengi juu ya jambo hilo na sijaweza kulisema vizuri zaidi ya hivyo.

Agosti ya mwaka huo huo, Hockenheim, katika mvua na ukungu wa maji, Pironi aliligonga kwa nyuma gari la Prost ambalo hakuliona, miguu yake ikavunjika vibaya na hakushindana tena katika Formula One. Mwaka 1987 alikufa katika mbio za boti karibu na kisiwa cha Wight, Uingereza. Alimwacha mwenzi wake akiwa mjamzito. Walizaliwa mapacha wa kiume, na mama yao akawapa majina. Mmoja anaitwa Didier. Mwingine anaitwa Gilles.